Biashara ya kingamwili: mnunuzi alipie ushahidi

Matone mawili ya maji yasiyo na rangi, ndani ya kichupa kilichosafirishwa kwa ubaridi, huuzwa kwa dola mia kadhaa za Marekani. Hizo ni kingamwili: protini za kinga kutoka kwa sungura, panya au mbuzi aliyedungwa kitu kigeni, au kutoka kwa seli zilizokuzwa maabara. Mtafiti huzinunua ili zimwoneshe protini moja kati ya maelfu yaliyomo katika kipande cha figo, ubongo au msuli. Zikishika protini nyingine, fedha imepotea, na matokeo yamepotoka bila mwenyewe kujua.

Protini zinazoshika kalsiamu zinaonesha vizuri hatari hiyo. Mwaka 1966 Robert Wasserman na A. N. Taylor wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza protini ya aina hiyo katika utumbo wa kifaranga, inayozalishwa kwa msukumo wa vitamini D. Leo huitwa kalbindini. Kingamwili zilizotengenezwa dhidi yake ziliionesha pia katika figo na katika seli za Purkinje za ubongo, kwa kuku na kwa mamalia. Utumbo wa mamalia, hata hivyo, haukuonesha kitu. Huko kazi hiyo hufanywa na protini nyingine, ndogo zaidi na yenye jeni yake, ingawa nayo imepewa jina la kalbindini. Anayeagiza kwa kusoma jina tu ataletewa kichupa kisichomfaa.

Kisha ikaja kalretinini. John Rogers wa Cambridge aliieleza mwaka 1987 kutokana na retina ya kuku, na inafanana na kalbindini kiasi kwamba baadhi ya kingamwili za awali zilizishika zote mbili. Kalmodulini, ya kundi hilohilo la protini zinazoshika kalsiamu, ina tatizo la kinyume: mpangilio wake haubadiliki kwa wanyama wenye uti wa mgongo, hivyo mwili wa sungura hauioni kuwa ngeni na huwa mgumu kuitengenezea kingamwili. Zikipatikana zilizo nzuri, zinaweza kutumika kwa samaki, ndege na ng'ombe.

Soko lilifunguka mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein walipobuni huko Cambridge njia ya kupata seli zinazozalisha kingamwili za aina moja bila kukoma. Uvumbuzi huo haukuwekewa hataza. Mwaka 1984 uliwapa Tuzo ya Nobel, wakiwa pamoja na Niels Jerne. Kwa kuwa njia ilikuwa wazi, kampuni zilichipuka kwa wingi. Abcam, iliyoanzishwa Cambridge mwaka 1998, ilikua kwa kuuza kupitia intaneti, na mwaka 2023 ikanunuliwa na Danaher ya Marekani kwa takriban dola bilioni 5.7. Pembeni mwa majabali hayo zipo kampuni ndogo kama Swant ya Uswisi, iliyojijengea jina kwa kingamwili za kalbindini, kalretinini na protini nyingine ya kundi hilo, pavalbumini, na kwa kuzijaribu bidhaa zake kwenye ubongo wa panya walioondolewa jeni husika. Tishu isiyo na protini hiyo ikitoa alama, kingamwili ni mbovu. Kwangu mimi, jaribio hilo lina thamani kuliko kurasa kumi za matangazo.

Wauzaji wengi hawakulifanya. Kichupa kilekile huweza kuuzwa na kampuni kadhaa kwa lebo tofauti, na mnunuzi akadhani amepata uthibitisho wa pande mbili. Mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, wakiungwa mkono na wanasayansi zaidi ya 100, waliandika katika jarida la Nature kwamba takriban dola milioni 800 hupotea kila mwaka duniani kwa kingamwili zisizofanya kazi ipasavyo. Mradi wa YCharOS wa Kanada, katika matokeo ya mwaka 2023, ulijaribu kingamwili 614 kwa protini 65. Zilizotengenezwa kwa kunakili jeni zilifanya vizuri zaidi, na kampuni ziliondoa sokoni takriban asilimia 20 ya zilizoshindwa.

Wateja nao wameongezeka nje ya utafiti. Hospitali hutumia kingamwili kupima kalprotektini, protini nyingine inayoshika kalsiamu, kwenye choo ili kutofautisha uvimbe wa utumbo na maumivu mengine ya tumbo. Viwanda vya chakula hutafuta pavalbumini, chanzo kikuu cha mzio wa samaki, na hapo pia spishi huleta taabu: jodari ana kiasi kidogo tu, chewa anayo tele, na kingamwili moja haiwashiki samaki wote kwa nguvu sawa.

Kwa maabara za Afrika Mashariki, hapa ndipo penye uzito. Kingamwili nyingi za katalogi zimejaribiwa kwa binadamu na panya. Mbuzi, ngamia na sato wakitajwa, mara nyingi ni kwa kukisia kutokana na kufanana kwa jeni. Isitoshe, kingamwili iliyotoka kwa mbuzi ikitumika kwenye tishu ya mbuzi, kingamwili ya pili, inayobeba rangi na kuishika ile ya kwanza, itashika pia kingamwili za mnyama mwenyewe na kuchafua picha yote.

Ninawasihi maofisa ununuzi wa vyuo na taasisi zetu: kabla ya kutia saini, mdaini muuzaji picha za jaribio kwenye tishu ya mnyama mnayemchunguza na kwenye tishu isiyo na protini hiyo. Asiyekuwa nazo awape sampuli ndogo mjaribu wenyewe, au msinunue kwake.