Pikipiki ya Mbio Iliyoundwa Nyuma ya Nyumba

Wewe waijua pikipiki kwa kazi yake. Hubeba gunia la mahindi, hubeba mgonjwa kwenda zahanati, na siku ya soko hubeba watu watatu na kuku juu. Leo nataka nikueleze habari za pikipiki ambayo haikuundwa kubeba kitu cho chote, ila kijana mmoja aliyeinama hata kifua kikagusa tangi la petroli. Tena haikutoka kiwandani jinsi ilivyo. Vijana wa Uingereza waliiunda wenyewe, katika vibanda vya nyuma ya nyumba za wazazi wao, kwa spana, tupa na msumeno wa chuma.

Mambo hayo yalishika moto katika miaka ya 1950. Jioni vijana walikutana kwenye mikahawa ya kando ya barabara kuu, ile iliyowahudumia madereva wa malori. Uliojulikana kuliko yote ni Ace Cafe, kaskazini-magharibi ya London, uliofunguliwa mwaka 1938, ukabomolewa na mabomu wakati wa vita, ukajengwa upya mwaka 1949. Walikunywa chai, wakasikiliza santuri, kisha wakashindana barabarani kutoka mkahawa hata mkahawa. Ndiyo asili ya jina "cafe racer", yaani pikipiki ya mbio za mkahawani. Shabaha yao ilikuwa maili 100 kwa saa, ndiyo kilometa 160.

Basi pikipiki nyingi za dukani hazikufika mwendo huo. Kijana alianza kwa kuondoa: madigadi mazito, kiti cha abiria, na kila chuma kisichosaidia mwendo. Usukani mpana ulitolewa, na mahali pake vikafungwa vishikio viwili vifupi, kila kimoja kikibana bomba lake kati ya yale mawili yanayoshika gurudumu la mbele. Mpandaji akainama, upepo ukapita mgongoni badala ya kumpiga kifuani. Lakini mtu aliyeinama hivyo hawezi kuweka miguu mbele, ikabidi vikanyagio virudishwe nyuma. Hapo fundi mwenye haraka alipata mshangao wake. Ukiigeuza pedali ya gia itazame nyuma, gia nazo zageuka: pale ulipozoea kupandisha, sasa washusha.

Waliokuwa mafundi hasa hawakuridhika na hayo. Kampuni ya Norton ya Birmingham ilikuwa na fremu nzuri kupita zote, iliyobuniwa na ndugu wawili wa Belfast, Rex na Cromie McCandless, na kuingia mashindanoni mwaka 1950. Ni mabomba mawili ya chuma yanayoanzia shingoni, yanashuka mbele ya injini, yanapita chini yake, yanapanda nyuma na kurudi tena shingoni. Pikipiki haikuyumba katika kona. Mshindani mmoja, Harold Daniell, aliifananisha na godoro la manyoya, nalo jina hilo likabaki. Kampuni ya Triumph nayo ilikuwa na injini ya silinda mbili zilizosimama wima, ya sentimita za ujazo 650, nyepesi, yenye nguvu, na vipuri vyake vilipatikana. Kila kampuni ilikuwa na nusu ya kitu kilichotakiwa! Vijana waliitia injini ya Triumph katika fremu ya Norton, wakachanganya majina mawili wakapata moja: Triton.

Kusema ni rahisi. Injini ile haikutengenezewa fremu hiyo, na matundu ya bolti hayalingani. Injini za Triumph 650 za kabla ya mwaka 1963 zilikuwa mbali na sanduku la gia, kwa hiyo vitu viwili, si kimoja, vilipaswa kupata makao. Fundi alikata kwanza karatasi ngumu ya boksi, akaipima, akaipunguza, akaipima tena. Ilipokaa sawasawa ndipo alipokata bamba nene la aluminiamu kwa mfano wake, akalitoboa na kulipiga tupa. Jioni nyingi ziliisha hivyo, na mama nyumbani akiuliza bamba hilo litakwisha lini.

Jambo lililomkosesha usingizi fundi mwema lilikuwa cheni. Meno ya mbele na meno ya gurudumu la nyuma yapasa kukaa katika mstari mmoja ulionyoka. Yakipishana, hata kidogo, cheni hulika upande mmoja, hupiga kelele, na siku moja huruka. Ikijisokota penye meno hulifunga gurudumu. Kwa maili 100 kwa saa, sihitaji kukueleza kinachofuata.

Maana vijana walikufa, tena si wachache. Barabara zilikuwa za watu wote, na wengi walipanda bila kofia ngumu. Sheria ya kuwalazimisha kuivaa ilikuja Uingereza mwaka 1973. Magazeti yaliwaita wahuni. Mtu mmoja aliyewaendea ni Bill Shergold, padre wa Kanisa la Anglikana huko Hackney Wick, mashariki ya London, ambaye mwenyewe alikuwa mpanda pikipiki. Mwaka 1962 alikwenda Ace Cafe kuwaalika kanisani. Safari ya kwanza hofu ilimshika, akaupita mkahawa kwa kasi bila kusimama. Akarudi siku nyingine, akaingia, nao wakamsikiliza. Walifika kanisani na pikipiki zao, na chama cha vijana cha parokia, kilichoitwa 59 Club kwa sababu kilianza mwaka 1959, kikapata tawi la wapanda pikipiki. Hakuwaambia waache pikipiki zao. Padre Shergold alifariki mwaka 2009, na chama kingali hai.

Ace Cafe ulifungwa mwaka 1969, ukafunguliwa tena mwaka 2001, na Triton zingali zikiundwa vibandani. Ukitaka kujua kama fundi ni fundi, usitazame tangi linalong'aa. Geuza usukani hata mwisho, kulia na kushoto, uone kama vidole vyabanwa kati ya kishikio na tangi. Uliza habari za breki kabla ya injini. Nami namwona mjinga yule anayenunua kabureta mpya huku breki zake zimekwisha. Tena ukifungua breki za zamani, usilipulize vumbi lake kwa kinywa. Mlikuwa na asbesto ndani, nayo huharibu mapafu.

Cheni waweza kuijaribu hata ya pikipiki yako ya sokoni. Chukua uzi, uukaze toka meno ya nyuma hata ya mbele, uone kama wagusa sawasawa kote.

Safari ya kwanza ya Triton ni fupi, ya polepole, mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Injini ile ya silinda mbili hutikisika sana, na mtikisiko hulegeza kila kitu. Basi fundi akirudi huzima injini, huiacha ipoe, na kabla hajaonja chai huchukua spana na kukaza upya nati zote, moja moja, kuanzia zile za bamba la injini.