Upanga wa Nuru na Nguvu za Ghaibu

Kijana aliyezitazama filamu za Star Wars, awe amezitazama katika banda la video mjini Musoma, ambako mfasiri hupaza sauti yake juu ya sauti za wachezaji kwa mtindo uliompatia sifa Lufufu hapa Tanzania na DJ Afro nchini Kenya, au awe amezitazama katika kioo cha simu huko Nyegina usiku baada ya kazi, hachelewi kuuliza swali ambalo wakubwa wake aghalabu hulipuuza: ikiwa mtu aweza kwa nia yake tupu kumkaba hasimu koo pasipo kumgusa, kung'oa chuma ukutani na kukivurumisha, na kulihisi jambo kabla halijatukia, ana haja gani ya kubeba upanga? Swali hili ni la haki, na jawabu lake halimo katika filamu hizo peke yake. Limo vilevile katika tenzi za pwani, katika masimulizi ya Ikizu, na katika vita vilivyowaangamiza wazee wa taifa hili kule kusini miaka zaidi ya mia moja iliyopita.

Tuanze na chombo chenyewe. Filamu ya kwanza ilionyeshwa Marekani tarehe 25 Mei 1977, kazi ya George Lucas, na upanga alioubuni ulikuwa mpini wa chuma wa kuenea mkononi, uliotengenezwa kwa mpini wa taa ya kamera kuukuu, ambao kwa kubonyezwa hutoa mwali mrefu wa nuru usiofuka moshi, ukatao chuma na nyama kwa wepesi ule ule. Mvumo wake ulitungwa na fundi wa sauti Ben Burtt kwa kuchanganya mngurumo wa mashine kongwe ya kuonyeshea sinema na kelele ya televisheni. Na sauti hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoutia upanga uhai kuliko rangi yake, kwa sababu jicho peke yake lisingesadiki kwamba nuru ina uzito. Lucas mwenyewe hapo mwanzo aliwataka wachezaji waushike kwa mikono miwili, kana kwamba nguvu iliyofungwa ndani yake ni mzigo wa kulemea. Kando ya chombo hicho ipo qudra ya ghaibu iitwayo kwa ufupi Nguvu, ambayo hekaya yasema hutoka kwa viumbe vyote vyenye uhai, huvizunguka na kuviunganisha, na humtii mtu aliyetuliza moyo wake au, kwa njia ya giza, mtu aliyeuwasha moyo wake kwa hasira.

Elimu ya maumbile haiukubali upanga huo kwa urahisi. Wavuvi wa dagaa wakiwa ziwani usiku usio na mwezi, miali ya taa za mtumbwi mmoja hupita katikati ya miali ya taa za mtumbwi mwingine wala haigongani, na hakuna mwali unaokatika ukiwa umefika urefu wa pima moja. Ndivyo ilivyo nuru, haina ncha wala ubapa. Kwa hiyo waandishi waliofuata walisema kwamba ule si nuru bali ni plazima, yaani hewa iliyopashwa moto hata chembe zake zikapasuka na kuchukua umeme, hali ile ile iliyomo katika jua na katika njia ya radi, na kwamba hushikwa isitawanyike kwa nguvu za sumaku. Plazima ipo kwa yakini, na wataalamu huifunga kwa sumaku ndani ya mitambo mikubwa kama majumba. Kuifunga katika umbo la upanga, pasipo chombo cha kuizunguka, ndilo jambo lisilowezekana kwa maarifa tuliyo nayo. Lakini jambo la kutazamwa zaidi ni kito kinachowekwa ndani ya mpini, ambacho katika hekaya hii huitwa kyber. Kito hicho chasemwa kuwa husikia Nguvu. Humwitikia mwenye kukistahili, na mtu wa giza akitaka kukimiliki hana budi kukimiminia uchungu na ghadhabu yake mpaka kitokwe na damu, na hiyo ndiyo asili ya upanga mwekundu. Hapa ndipo chombo na siri vilipofungwa fundo moja, hata upanga usiwe chuma tu, wala Nguvu isiwe ndoto tu.

Sasa tuone jinsi vinavyofanya kazi pamoja. Kazi ya kwanza ya Nguvu katika pambano ni kuuarifu mkono. Risasi za moto zikimjia shujaa, yeye hazifuatilii kwa jicho, kwa maana hakuna jicho liwezalo. Mkono wake huwa umekwisha fika pale risasi itakapopita, ukaizuia na kuirudisha kwa aliyeituma. Upanga hapa ni ulimi wa maarifa hayo: bila upanga, mtu angejua kwamba anakufa na asiwe na la kufanya. Wawili wenye Nguvu wanapokabiliana, kila mmoja anajua ajuavyo mwenzake, maarifa yao hufutana, na hapo ndipo ustadi wa mkono, pumzi, hofu na hila hurudi kuwa waamuzi, kama zilivyo katika pambano lolote la wanadamu.

Pambano la mwaka 1980, katika filamu ya pili, ndilo linaloyaonyesha haya kwa uzuri kupita yote niyajuayo. Darth Vader, ambaye mapigano yake yalichezwa ndani ya vazi jeusi na Bob Anderson, Mwingereza aliyeshindana kwa panga katika michezo ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, anaanza kumkabili kijana Luke kwa mkono mmoja, kwa dharau, akimpima. Kijana anapoonyesha kwamba anajua kitu, mzee anabadili vita: anaacha kushambulia kwa upanga na kuyaamuru mabomba na vipande vya mitambo ving'oke ukutani vimrukie, hiki kutoka kushoto, hiki kutoka nyuma, na Luke anakikata kimoja, vingine vinampiga, mpaka dirisha linavunjika na upepo unamvuta nje. Tazama vizuri lililotendeka. Vader hakuitumia Nguvu kumkaba kijana na kumaliza kazi. Aliitumia kuyasumbua macho na mikono yake, ili upanga wa kijana uwe na mahali pengi pa kuwa kwa wakati mmoja. Na mwisho hukumu ilitolewa na upanga, uliokata kiganja. Nguvu ilifungua mlango, upanga ukaingia.

Kisha kuna umeme. Ziwa letu hili la Viktoria ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi mno duniani, na nyingi hupiga usiku, wakati wavuvi wako majini. Basi si ajabu kwamba watu wengi wa kanda hii husadiki kuwa ipo radi inayotumwa, na kwamba anayeituma ana jina na kisasi. Kwa hiyo mtazamaji wa Mara humwelewa haraka mfalme wa giza atoaye umeme vidoleni. Katika filamu ya mwaka 1983 Luke alikuwa ameutupa upanga wake kwa hiari, akikataa kuua, na umeme ulimkuta mikono mitupu ukamgaragaza sakafuni. Hakuokolewa na qudra yoyote bali na baba yake, ambaye ni huyo huyo Vader, aliyemnyanyua mfalme kwa mikono na kumtupa shimoni. Mwaka 2002 tuliona kwamba upanga huweza kuunywa umeme huo, na kwamba Yoda mkongwe huweza kuuzuia kwa kitanga cha mkono tu. Na mwaka 2005 shujaa Mace Windu akaurudisha kwa ubapa hata ukamwunguza uso aliyeutoa. Kanuni hii naiona kuwa ni ya hekima kubwa: nguvu ya ghaibu iliyo kali kupita zote imepewa kizuizi kinachoshikika, nacho chataka mkono ulio imara na moyo usioyumba. Mahali ambapo waandishi waliisahau kanuni hiyo, wakampa mtu uwezo wa kufanya lolote wakati wowote, mapambano yao yamekuwa kelele na mwanga, na hakuna anayeyakumbuka.

Yastahili kutajwa kwamba katika filamu ya mwaka 2015 mwenye kuutunza upanga wa kale katika kasha, chini ya ngome yake, ni Maz Kanata, mwanamke wa umri wa karne nyingi, na mchezaji wake ni Lupita Nyong'o, ambaye kwao ni Kisumu, ng'ambo ya ziwa hili hili. Upanga humwita binti aitwaye Rey kwa sauti, naye akiugusa huona mambo yaliyopita na yajayo. Katika filamu hiyo hiyo Finn, asiyejulikana kuwa na Nguvu, anaushika upanga ule ule na kupigana nao kwa ushujaa, na anashindwa. Chombo hakikumkataa, kilimpa kile tu ambacho mkono wake ulikuwa nacho.

Watu wa pwani walizijua kanuni hizi kabla ya sinema kuzaliwa. Katika Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo bin Athumani, mashujaa hutoka mmoja mmoja mbele ya majeshi, na upanga wa Sayyidna Ali, Dhulfakari, huwa na haiba isiyotokana na makali peke yake bali na imani ya aliyeushika. Lakini mfano ulio wazi kuliko wote ni Fumo Liongo, ambaye silaha zote hazikumdhuru ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Jamaa yake wa damu aliishika siri hiyo, akaitumia. Liongo alipochomwa aliuchukua upinde wake, akaenda kupiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa umeelekezwa, akafa katika hali hiyo. Na watu wa mji, wakidhani yu hai, walikaa siku kadhaa wasithubutu kuteka maji, mpaka mama yake alipoendewa ili amsihi. Hapo utaona kwamba kinga kubwa yahitaji tundu dogo, madhali kinga isiyo na tundu haina kisa, na kwamba silaha iliyopenya lile tundu haikuwa upanga wa mfalme bali kitu cha kushonea.

Nyegina yenyewe ina sehemu yake katika habari hii. Misheni yake ni ya mwaka 1911, na hapo ndipo Julius Nyerere wa Butiama alipobatizwa tarehe 23 Desemba 1943. Naye ndiye aliyekuja kuifasiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, ikachapwa mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969. Katika tamthilia hiyo mzimu wa Kaizari haugusi silaha hata mara moja. Humtokea Bruto, humwahidi kwamba wataonana uwanjani, huondoka. Lakini Kasio hufa kwa upanga ule ule aliomwulia Kaizari, na Bruto huukimbilia upanga ulioshikwa na mtumishi wake. Sijui mahali pengine ambapo nguvu ya ghaibu imepigana kwa utulivu namna hiyo, kwa kuzigeuza panga za maadui ziwaelekee wenyewe, pasipo cheche wala mngurumo.

Ipo tofauti moja ambayo mwandishi mwenye dhamiri hawezi kuifunika. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji yaliyosemwa kuwa yatazigeuza risasi za Wadachi kuwa maji, na watu wa makabila yaliyokuwa hayajapata kushikana mkono walishikana kwa ajili ya dawa hiyo. Yeye alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, wala vita havikukoma, na tarehe 30 Agosti mashujaa walioishambulia boma ya Mahenge walikwenda kuelekea bunduki za rashasha wakiwa wamesimama. Dawa iliwapa umoja, ambao ni nguvu ya kweli, haikuwapa ngao. Katika hekaya twaweza kuipa nguvu ya ghaibu kanuni tuitakayo na upanga uitii, lakini risasi haikuwa imesoma hekaya yoyote, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata, kabla ya vita kwisha mwaka 1907. Nalitaja hili kwa heshima yao.

Nami naamini kwamba hekaya ya pambano iliyo kamili zaidi katika mkoa huu haijapata kuwekwa katika filamu. Wazee wa Ikizu, katika wilaya ya Bunda, husimulia kwa namna zaidi ya moja, na baadhi ya masimulizi hayo yamechapwa mwaka 2003 katika kitabu cha historia za Mara alichokihariri Jan Bender Shetler, habari za Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi katika Usukuma akiwa na elimu ya mvua, na Isamongo, mwindaji mwenye siri ya moto. Walikutana, wakakaa pamoja, wakashindana ni nani mkubwa. Mvua ikauzima moto, na utemi wa Ikizu ukawa wa wenye mvua. Humo kila kitu kimo: nguvu mbili zisizofanana, kila moja ikihitajiwa na mwenye nyingine, kwa sababu mwanamke mwenye mvua naye huhitaji kupika na kuota moto, na mwindaji mwenye moto naye huhitaji malisho yatakayoleta wanyama. Kijana wa Nyegina au Bunda atakayeiandika upya kwa jinsi ya hekaya za sayansi, akampa Isamongo upanga wa plazima na kumwacha Nyakinywa na mawingu yake, atalazimika kwanza kukata shauri juu ya mambo ambayo Lucas hakuyakabili: kama kito cha upanga ule hutoka katika mawe ya mlima Chamuriho au hutoka mbali, kama radi ya yule mwanamke huzuilika kwa ubapa au hupita, na kama mwali ule, mvua ya masika ikiupiga usiku kucha, huchemsha matone tu na kuendelea kuwaka, au huzimika.