Kifaranga wa Bata Halelewi Kama wa Kuku

Kuku koo akitoka kiotani na vifaranga kumi, si ajabu mwezi ukiisha akabakiwa na wanne. Lawama huwaendea mwewe, kicheche na kunguru, ambao kweli hawana huruma. Lakini baridi, maji machafu, chakula kibovu na ugonjwa wa mdondo navyo huua, tena kimyakimya. Katika kaya zinazofuga kuku na bata kwenye uwanja mmoja kuna tatizo jingine linalopuuzwa: bata wachanga hulelewa kama kuku, ilhali miili yao inadai mambo tofauti.

Tofauti huanzia kwenye yai. Yai la kuku huatamiwa siku 21, la bata mweupe aina ya Pekin siku 28, na la bata Muscovy, yule mwenye nyama nyekundu usoni, siku 35 hivi. Mfugaji akichanganya mayai ya kuku na ya bata chini ya kuku mmoja, vifaranga wa kuku hutangulia, mama huondoka nao kwenda kuchakura, na mayai ya bata hupoa yakawa viza. Ni heri kuku apewe mayai ya bata peke yake, tena awekewe chakula na maji karibu kwa kuwa safari yake ni ndefu. Bata mwenyewe akitoka kuoga hurudi kiotani na manyoya yenye unyevunyevu. Kuku haogi, hivyo mayai ya bata anayoyaatamia yanyunyiziwe maji ya uvuguvugu kidogo siku za mwisho, ganda lisikauke na kumshinda kifaranga kutoka.

Kifaranga huzaliwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, inayomtosha takribani siku mbili. Ndiyo maana vifaranga wa siku moja husafirishwa kwa basi hadi mikoani bila kula. Akiba hiyo ni ya chakula tu. Joto hana budi kulipata kwa mama au kwa mfugaji: nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi wiki ya kwanza, kisha zipungue kama 3 kila wiki mpaka manyoya yaote.

Asiye na kipimajoto awaangalie vifaranga wenyewe. Wakirundikana chini ya taa huku wakilia kwa sauti kali, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni, midomo wazi na mabawa yameachana na mwili, joto limezidi. Wakitawanyika, baadhi wakila, wengine wakinywa na wengine wamejilaza, hapo joto linatosha. Boma lao liwe la mviringo, kwa sababu kwenye pembe hubanana usiku na walio chini hukosa hewa. Anayetumia jiko la mkaa alikolezee nje na aache matundu ya hewa chumbani. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua vifaranga na watu pia.

Maji ndiyo yanayowatenganisha kabisa ndege hawa wawili. Kifaranga wa kuku anywee kwenye chombo cha kina kifupi chenye kokoto, asije akazama. Bata naye sharti azamishe mdomo mpaka puani, la sivyo pua na macho huziba kwa pumba na uchafu. Kinachomfaa ni kidumu kilichotobolewa matundu ya kupitisha kichwa pekee: atajisafisha pua bila kuingia ndani. Akiwekwa pamoja na kuku, hurusha maji mpaka maranda yote yanalowa. Maranda mabichi yenye joto ndiyo makazi mazuri ya vimelea vya kuhara damu, na vifaranga wa kuku huugua na kufa kwa uchafu ambao bata aliyeusababisha anauvumilia. Kila kundi liwe na chumba chake.

Wengi pia huamini kwamba bata mchanga halowi. Anayelelewa na mama yake hupata mafuta ya manyoya kwa kujisugua mwilini mwake. Aliyetotolewa na mashine, au na kuku, hana mafuta ya kutosha. Akiachiwa bwawani hulowa hadi ngozini, hupatwa na baridi na hufa akiwa hatua chache kutoka majini. Kuogelea kusubiri manyoya yaote.

Kwenye chakula, bata mchanga anahitaji vitamini iitwayo niasini karibu mara mbili ya kifaranga wa kuku. Mahindi yana niasini ambayo mwili wa ndege hauifaidi sana, ndiyo maana bata anayelishwa chenga za mahindi tupu hupinda miguu, huchechemea na mwisho hushindwa kusimama. Pumba za ngano, dagaa waliosagwa na hamira ya pombe huziba pengo hilo. Mashudu ya karanga nayo yana niasini nyingi, lakini yana hatari inayostahili kuelezwa.

Mwaka 1960 Uingereza ilipoteza bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulifika kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil. Kipindi hichohicho bata wachanga walikuwa wakifa Kenya na Uganda baada ya kulishwa mashudu ya karanga za Afrika Mashariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu, inayotengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Ini la bata mchanga huathirika kwa kiasi kidogo mno cha sumu hii, hata maabara zikawa zinatumia bata wa siku moja kupima kama mazao yana sumu. Basi desturi ya kuwatupia bata mahindi yaliyoota ukungu, kwa kuwa hayafai tena kwa ugali, ni kumpa sumu yule asiyeihimili kuliko wote uwanjani.

Mdondo ni adui wa kuku zaidi. Bata wanaweza kubeba virusi vyake bila kuonyesha dalili, wakawaambukiza kuku, na kuku waliokuwa wazima wiki iliyopita wakafa karibu wote. Chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, kwa hiyo inafika hata vijiji visivyo na umeme. Hutolewa tone moja jichoni, kwa kifaranga na kwa jogoo vilevile, na hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania huitengeneza Kibaha, mkoani Pwani.

Chupa moja ya chanjo hiyo hutosha kuku mia na zaidi, na ikishafunguliwa haiwekwi akiba. Mwenye kuku kumi na watano hana haja ya kuinunua peke yake. Akubaliane na majirani siku moja, wamwite ofisa mifugo wa kata, na kuku wa mtaa mzima wachanjwe asubuhi hiyo kabla hawajafunguliwa.