Namna ya Kupaka Rangi Sanamu Ndogo za Mchezo

Katika Uingereza, Marekani na nchi nyingine nyingi uko mchezo wa vita vya kubuni uchezwao mezani. Wachezaji hupanga sanamu ndogo za mashujaa, wachawi, mazimwi na majoka, kisha huzisogeza kwa kupima kwa futikamba na kutupa dadu. Mchezo wa namna hii si wa jana. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells wa Uingereza alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kupigana kwa askari wa bandia. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons huko Marekani, na mwaka 1983 kampuni ya Games Workshop ya Uingereza ikatoa Warhammer. Makao makuu ya kampuni hiyo yako katika mji wa Nottingham.

Aghalabu sanamu hizi huuzwa bila rangi, na mwenyewe ndiye azipakaye. Kazi hiyo wengi huipenda kuliko mchezo wenyewe. Lakini mtu asidhani kwamba ni kazi ya kupaka nyekundu penye nguo na nyeusi penye viatu, basi. Akifanya hivyo tu, sanamu yake itaonekana kama donge la rangi. Na tuitazame sababu yake.

Sanamu ya mtu huwa na kimo cha milimita 28 hivi, yaani karibu sehemu moja ya 60 ya kimo cha mtu mzima. Sasa, nguo ya mtu ikiwa na mkunjo wenye upana wa sentimita 3, kivuli kilichomo huonekana hata kwa mbali. Katika sanamu mkunjo huohuo una upana wa nusu milimita tu, na kivuli chake ni chembamba hata jicho halikioni vizuri kutoka urefu wa mkono. Kitu kikipungua, kivuli chake nacho hupungua. Kwa hiyo mpakaji hana budi kukitia kivuli kwa burashi, na nuru vilevile. Hiyo ndiyo siri ya kazi hii yote.

Tuseme tuna zimwi la kijani lenye joho jekundu. Kwanza likwanguliwe kwa kisu na tupa ndogo palipobaki alama za kalibu, lioshwe kwa maji na sabuni, likauke. Kisha lipakwe rangi ya kwanza, nyeusi au ya kijivu, ili rangi zifuatazo zipate kushika. Kama rangi hiyo ni ya kupuliza, ipulizwe nje penye hewa.

Baada ya hapo hutiwa rangi zenyewe. Rangi ya akriliki huchanganywa na maji kidogo mpaka iwe nyepesi karibu kama maziwa. Rangi nzito hufukia macho, meno na vidole, na ikishafukia ni shida kuiondoa. Afadhali kupaka mara mbili nyepesi kuliko mara moja nzito, na kungoja ya kwanza ikauke. Mwenda pole hajikwai.

Rangi zikikauka, hupakwa rangi ya majimaji iliyo nyeusi zaidi, nayo hutiririka yenyewe mpaka mabondeni mwa mikunjo. Hicho ndicho kivuli. Mwisho, kingo zilizoinuka, kama vile pua, vifundo vya vidole na migongo ya mikunjo, hupakwa rangi iliyong'aa zaidi. Lakini tusiangaze wekundu kwa kutia nyeupe nyingi, maana joho litageuka kuwa la waridi. Tutie rangi ya machungwa kidogo.

Sasa limebaki tako la sanamu, yaani kile kibao cha duara chini ya miguu, ambacho mara nyingi kina upana wa milimita 25 au 32. Wengi hukisahau, na zimwi lao huwa kama limesimama juu ya kifungo cha shati. Pakaza gundi nyeupe ya seremala, nyunyiza mchanga, kisha kung'uta uliozidi. Ukiweka jiwe, kumbuka kipimo chetu: kokoto ya milimita 3 hapa ni mwamba wa sentimita 18. Gundi ikikauka, paka mchanga rangi ya udongo mweusi. Kisha chovya burashi kuukuu katika rangi ya udongo hafifu, ifute kwenye kitambaa mpaka ibaki karibu kavu, uipitishe juu juu. Rangi itashika vichwa vya chembe tu, na ardhi itaonekana kuwa na nuru na kivuli. Zimwi la kijani lisisimame katika majani mabichi, maana litapotea humo. Lipe udongo mwekundu, nalo litajitokeza.

Jambo moja ni la hatari. Wapakaji wengi wana desturi ya kunyosha ncha ya burashi kwa ulimi. Sanamu nyingi za zamani ziliyeyushwa kwa madini yenye risasi, ambayo ni sumu, na rangi nyingine pia hazifai kuingia kinywani. Basi ncha na inyoshwe kwa kitambaa, vumbi la tupa lifutwe kwa kitambaa kibichi, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Kazi ikiisha, paka vanishi isiyong'aa ili rangi isichubuke kwa kushikwashikwa. Halafu iweke sanamu mezani, unyoshe mkono wako, uitazame kutoka umbali huo. Kama uso, mkono na silaha vinajulikana mara moja, umeipaka vyema.