Salamu za Idd na Ombi la Kura

Ni ada katika visiwa vyetu kwamba mwezi wa Mfunguo Mosi unapoandama, viongozi huwapa wananchi mkono wa Idd. Rais wa Zanzibar huhutubia Baraza la Idd, na viongozi wa upinzani nao hutoa salamu zao. Lakini salamu za mpinzani, hasa uchaguzi unapokaribia, huwa na nyongeza: akisha kuwatakia watu kheri, huwaomba wapiga kura walete mabadiliko.

Wapo wenzetu katika Chama na Serikali ambao wakisikia ombi hilo hupandwa na hamaki. Husema kuwa huko ni kuitia siasa ibada. Sisi tunaona kwamba jambo hili lapasa kupimwa kwa insafu.

Kwanza, kuomba mabadiliko kwa njia ya kura si kosa. Nchi yetu ilirejea katika mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, na sheria iliyouleta mfumo huo ilikataa vyama vya dini, haikukataa ushindani. Anayewaambia wananchi wauondoe uongozi kwa karatasi ya kura anawaelekeza kwenye haki yao. Wa kulaumiwa ni anayetaka mabadiliko kwa panga, na anayeyazuia kwa rungu.

Tena hapa Visiwani kura si jambo la mzaha. Katika uchaguzi wa Januari 1961, kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja tu. Mwaka 1995, kwa matokeo rasmi, Dk. Salmin Amour alimshinda Maalim Seif Sharif Hamad kwa kura 1,565. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1, na Maalim Seif asilimia 49.1. Chaguzi za karibuni zimetoa tofauti kubwa zaidi, lakini watu wale waliokuwa nusu ya nchi hawakuhama. Wangali majirani zetu, na wengine ni ndugu zetu wa damu.

Hapo ndipo tunapoifikia Idd yenyewe. Mwenye kutoa fitri hupima pishi yake ya chakula akamfikishia maskini kabla ya sala, wala hamwulizi ni wa chama gani. Watoto wanaokwenda Mnazi Mmoja au Tibirinzi na nguo zao mpya hawajui kadi ya baba wa mwenzao ina rangi gani. Huo ndio utajiri wa siku hiyo, nao umewahi kutupotea.

Wazee wetu wanaikumbuka zama za siasa, baina ya mwaka 1957 na 1963. Watu waligomeana maduka, wakasusiana mazishi, na wengine wakakataa kusali nyuma ya imamu wa chama kingine. Mwisho wake ulionekana Juni 1961, zilipozuka ghasia zilizoua watu 68. Maradhi hayo yalirudi baada ya uchaguzi wa 1995. Januari 2001 damu ilimwagika, hasa Pemba, na watu zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni nchini Kenya. Baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, kususiana kukaanza tena. Na Agosti mwaka huo, katika mazishi ya Mzee Aboud Jumbe, mkono wa Rais haukupokewa na kiongozi wa upinzani mbele ya waombolezaji.

Kwa hiyo mpaka tunaouona sisi ni huu. Mwanasiasa akisema katika salamu zake, "Nichagueni, nina mpango bora," hajaidhuru Idd. Akisema kwamba wasiokuwa wa chama chake si wa kupewa mkono, wala si wa kuzikwa nao, basi ametia fitina katika siku ya suluhu, na lazima akemewe.

Lakini pishi ya kupimia mwenzako ndiyo ya kujipimia mwenyewe. Baraza la Idd ni la Wazanzibari wote, na huandaliwa kwa fedha ya umma. Halifai kugeuzwa jukwaa la chama chochote, pamoja na chetu. Sheha naye ni sheha wa shehia nzima. Akipita kuwapa watu mkono wa Idd na kuziruka nyumba za wapinzani, atakuwa ametenda lile lile tunalolikataza.

Ombi la mabadiliko halijibiwi kwa matusi. Hujibiwa kwa maji yanayotoka bomba la kila kijiji, kwa mkulima wa karafuu kulipwa haki yake bila ya kuzungushwa, na zaidi ya yote kwa uadilifu katika uandikishaji. Kijana wa miaka 18 asiyepewa Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi hawezi kuandikishwa kupiga kura. Tukimnyima mlango huo pasi na sababu ya kisheria, tutakuwa na uso gani wa kumwambia asisikilize wanaomwita kwenye njia nyingine?

Dawa tunaijua, kwani tumekwisha kuinywa. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4 ya kura. Uchaguzi wa mwaka huo ulipita kwa amani, ijapokuwa tofauti ilikuwa ndogo mno. Aliyeshindwa alikubali kwa kuwa alijua hatatupwa nje ya nyumba.

Tunawanasihi viongozi wa pande zote, na hasa sisi tulioshika madaraka: ombi la kura na lijibiwe kwa kazi na haki, na mkono wa Idd upewe kila mtu. Tunawatakia wasomaji wetu Idd njema, Unguja na Pemba.