Dekoda Hailali

Wakulima wengi wa Njoro, Molo, Bahati na Subukia sasa wana dishi juu ya paa, na jioni baada ya kukamua ng'ombe watu wa nyumbani hukaa wakatazama habari na mpira. Jambo hilo ni zuri. Lakini mara nyingi mwenye sola huona betri imekwisha kabla ya alfajiri, wakati anapotaka taa ya kukamulia, na lawama zote huitupia televisheni. Si haki.

Dishi lenyewe ni bati tu, halili umeme. Kinachokula ni kile kichwa chake, ambacho hupewa volti 13 au 18 na dekoda kwa waya uleule unaoleta picha, nacho hutumia wati 2 au 3.

Sasa tupige hesabu. Televisheni ya kisasa ya inchi 32 hutumia wati 40 hivi. Ukiitazama saa 4 kwa siku, zidisha: ni wati-saa 160. Dekoda pamoja na kichwa cha dishi tuseme ni wati 12, na mtu huona hicho ni kitu kidogo. Lakini ukiizima kwa rimoti haikuzimika! Ile taa nyekundu ni dalili kwamba iko macho, na dekoda nyingi, hasa za zamani, huendelea kula karibu sawa na zinapoonyesha picha. Wati 12 kwa saa 24 ni wati-saa 288.

Betri ya volti 12, ampea-saa 50, hubeba wati-saa 600. Ikiwa ni ya asidi, haifai kutolewa zaidi ya nusu, isije ikafa mapema. Nusu ni 300. Dekoda imekula 288. Taa na televisheni zimeachiwa 12. Na mwezi wa Julai, mawingu yanapofunika Molo na Elburgon kutwa, paneli haiwezi kurudisha kilicholiwa.

Mwenye umeme wa Kenya Power naye hasalimiki. Kwa mwezi dekoda hiyo hula uniti 8.6, na televisheni 4.8 tu. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2023, nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi ilitozwa bei nafuu kuliko iliyozidi. Uniti 7 hivi za bure zaweza kukuvusha mpaka huo.

Basi zima kwenye swichi ya ukutani. Mwenye sola aweke swichi kwenye waya wa dekoda. Jioni itachukua dakika chache kuamka, na watoto watanung'unika, waache.

Tena, soma kibandiko nyuma ya dekoda. Kikisema volti 12, haina haja ya inveta, ambayo nayo hula hata ikiwa haina kazi. Lakini usiiunge moja kwa moja kwenye betri: betri inayochajiwa hupanda kupita volti 14. Fundi aweke kwanza kifaa cha kushikilia volti 12, na apime chanya na hasi kabla ya kuchomeka.