Cher na kitufe kilichosogezwa hadi sifuri

Mwaka 1998 mwimbaji Cher alikuwa na miaka 52, umri ambao katika biashara ya muziki wa klabu unakupa jina la bibi. Disko alishaligusa mwaka 1979 kwa wimbo Take Me Home, ukavuma, kisha akageukia roki na filamu, huko akanyakua hata Oscar. Wazo la kumrudisha kwenye muziki wa kuchezeka lilitoka kwa Rob Dickins, bosi wa Warner nchini Uingereza. Kazi ilifanyika pembezoni mwa London, katika studio ya Mark Taylor na Brian Rawling, na humo ndimo ulimoiva wimbo Believe.

Ukimuuliza mtu sababu ya wimbo huo kutikisa dunia, atakujibu: sauti ya roboti. Jibu si baya, ila limeishia njiani.

Ile si roboti, ni programu inayoitwa Auto-Tune, iliyoanza kuuzwa mwaka 1997. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, ni mhandisi aliyetumia miaka mingi kuchambua mawimbi ya sauti yanayopenya ardhini, kazi ya watafuta mafuta. Programu hupima sauti ya mwimbaji iko juu au chini kiasi gani, huitafutia noti iliyo karibu, kisha huivuta hadi hapo. Ilikusudiwa kusahihisha makosa kimyakimya, msikilizaji asijue.

Siri iko kwenye kasi ya kuvuta. Binadamu anapoimba haruki kutoka noti hadi noti. Huteleza, huigusa kwa chini, ndipo hutulia. Kasi ikiwa ndogo, mtelezo huo unabaki na sikio halishtuki. Taylor alisogeza kitufe hadi sifuri, yaani kuvuta papo hapo bila kuchelewa hata kidogo, mtelezo ukafutika, sauti ikawa inakatika kwa ngazi. Hildebrand mwenyewe hakutarajia kwamba mtu mwenye akili zake angeutumia mpangilio huo.

Sasa, kwa nini Cher? Sauti yake ni nzito, ya chini, na ina mtetemo mwingi, kinyume kabisa na zile sauti kali za juu zilizozoeleka kwenye disko. Kwa mashine, hiyo ni neema: palipo na mtelezo na mtetemo mwingi ndipo penye mengi ya kukata. Mwimbaji wa sauti iliyonyooka angepitishwa hapo na tofauti isingesikika sana. Tena vinanda vya wimbo huo, juu ya mdundo wa biti 133 kwa dakika, navyo huruka noti bila kuteleza. Sauti ikawa inatembea mwendo mmoja navyo.

Lakini Taylor hakumwaga chumvi chungu kizima. Ukataji huo unasikika zaidi kwenye beti. Kiitikio kimeachwa karibu wazi, na pale anatoka Cher yuleyule wa miaka ya sitini, kifua mbele. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe: hakuna aliyejaribu kumfanya mama huyu awe msichana. Wakubwa wa lebo walitaka vikorombwezo hivyo viondolewe, Cher akawagomea katakata. Maprodyuza nao waliilinda siri yao kwa kuliambia jarida moja la ufundi wa studio kwamba walitumia vokoda, kifaa kingine cha kubadili sauti.

Wimbo ulikaa nambari moja Uingereza kwa wiki 7, ukashika usukani wa chati ya Marekani Machi 1999, na mwaka 2000 ukampa Grammy ya rekodi bora ya dansi.

Leo programu hiyo imo katika studio za Dar es Salaam na Nairobi, na mara nyingi hufungwa sifuri tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Maprodyuza wetu, wachieni waimbaji viitikio vyao. Mwimbaji aliyelelewa na taarab, ambaye utamu wake wote umo katika kuteleza kati ya noti, akifungiwa sifuri wimbo mzima atakuwa amenyang'anywa alichokuja nacho studio.